Saruni ameshapata baiskeli, sasa anataka mkokoteni

Siku za Jumamosi Saruni humsindikiza mama yake sokoni akisukuma toroli la mbao linalolia njia nzima. Biashara ikiisha, mama humpa sarafu chache za senti kumi akajinunulie roho ipendacho. Na vya kupenda havikosi: karanga, chapati, sambusa, vigari vya kuchezea, tiara. Saruni anavizunguka vyote, anavitamani, anaondoka hajanunua kitu. Macho yake yameshanaswa na baiskeli zilizorembwa na kupangwa pale sokoni, hasa moja ya rangi nyekundu na buluu. Tangu siku hiyo kila senti inaingia kwenye kisanduku chake cha siri. Akipata nafasi anazimwaga sarafu, anazipanga mistari na marundo, anahesabu, anazirudisha, halafu siku nyingine anahesabu tena.

Ni hadithi ya My Rows and Piles of Coins, kitabu cha picha cha Tololwa Mollel, Mtanzania mzaliwa wa Arusha. Kilichapishwa Marekani 1999, na mwaka uliofuata michoro yake ya rangi za maji, kazi ya E. B. Lewis, ikapewa nafasi ya heshima katika tuzo ya Coretta Scott King. Mambo yanatokea Tanzania ya miaka ya 1960. Mama anaitwa Yeyo, baba anaitwa Murete, na msomaji wa New York itambidi azoee tu.

Saruni hana baiskeli, lakini anajifunzia ya baba yake, iliyo kubwa kumzidi, Murete akiwa ameishikilia asije akaanguka. Siku inafika anaona mali imetosha. Anahesabu: sarafu 305, sawa na shilingi 30 na senti 50. Anazibeba mpaka kwa muuza baiskeli, na muuzaji anamcheka. Mollel hana haraka ya kumfariji. Anamwacha mtoto arudi nyumbani na sarafu zake na aibu yake. Baadaye Murete ananunua pikipiki, na ile baiskeli kuukuu anamuuzia mwanawe kwa kiasi kilekile alichokusanya, shilingi 30 na senti 50. Saruni analipa. Kisha baba anazirudisha zile fedha mikononi mwake, ahsante kwa jinsi anavyomsaidia mama.

Mwandishi mwingine angefunga hapo, tukabaki na hadithi ya mtoto mtiifu aliyepewa zawadi. Lakini Saruni akishazishika tu fedha zake anaanza hesabu mpya. Sasa anataka mkokoteni wa kufunga nyuma ya baiskeli, ili mzigo wa Yeyo uzidi kupungua.

Vitabu vya picha vinavyosherehekea mambo ambayo watoto wanayapenda kufa na kupona vimekuwa vingi, na si vyote vyenye thamani ya bei yake. Mnunuzi aliyesimama dukani bila muda wa kusoma chote anaweza kwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho akaangalia mtoto anafanya nini pale. Akimkuta amevishwa nishani huku watu wazima wakimpigia makofi, ajue mwandishi alikuwa akizungumza na wazazi. Akimkuta ameshainamia tena kitu chake, au amekwisha kuwazia kingine, huyo mwandishi amewahi kukaa na mtoto.

Kwa sababu watoto ndivyo walivyo. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Developmental Psychology utafiti kuhusu watoto wadogo wanaoshikwa na kitu kimoja kupita kiasi: ndege, treni, magari, vyombo vya chai. Takribani theluthi moja ya watoto waliowachunguza walikuwa na shauku ya namna hiyo, na wavulana waliwazidi wasichana kwa mbali. Shauku zenyewe zilikuwa zimeanza mapema sana, wengine hata miaka miwili hawajatimiza. Hakuna aliyewafundisha. Mzazi wa Ubungo au wa Kisumu angeweza kuwaongezea watafiti wale orodha yao: kuna mtoto anayelijua basi la mkoani kwa honi kabla halijatokea kwenye kona, na mwingine ambaye hawezi kupita kwenye msingi wa nyumba inayojengwa bila kusimama kuwatazama mafundi mpaka avutwe mkono.

Kitabu cha picha kinalingana vizuri na tabia hiyo kwa jinsi kinavyotengenezwa. Kwa kawaida kina kurasa 32, idadi inayotokana na namna karatasi kubwa ya kiwandani inavyokunjwa na kukatwa. Maneno ni machache, mara nyingi hayafiki elfu moja. Kwa hiyo mwandishi hana nafasi ya kueleza kwa nini mtoto anapenda anachopenda, na hilo ni jambo jema. Anachoweza ni kuonyesha mikono ya mtoto inafanya nini, kisha kumwachia msomaji afunue ukurasa aone kilichofuata.

Mfano mzuri wa mikono hiyo ni Galimoto, kitabu cha Karen Lynn Williams kilichochorwa na Catherine Stock na kutoka 1990. Williams aliwahi kuishi Malawi kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, na alichokiona huko alikiona vizuri. Kondi, mvulana wa miaka saba, ana boksi la viatu lililojaa mali yake: mpira wa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba, kisu alichokitengeneza kwa kipande cha kopo, mtu wa kucheza ngoma aliyeundwa kwa mabua ya mahindi. Humo pia mna waya kidogo. Kondi ameazimia kutengeneza galimoto, gari la waya. Kaka yake Ufulu anamcheka kwamba waya hizo hazitoshi.

Ni kweli hazitoshi. Kitabu kizima basi ni siku moja ya kutafuta waya. Kondi anatoa kisu chake kubadilishana na rafiki, anakwenda dukani kwa mjomba wake, anapekua penye takataka. Kila kipande kina asili yake na kila kimoja kina bei yake, iwe ni kubembeleza, kubadilishana au kuaibika kidogo. Mtu mzima atakayekisoma kwa haraka ataona kijana anarandaranda tu. Mtoto aliyewahi kuunda gari la waya ataona orodha ya manunuzi.

Maana gari la waya, kwa wasiowahi kulishika, lina ufundi wake. Waya mgumu wa uzio au uliotolewa kwenye tairi lililochomwa hufaa kwa chesesi, mwembamba hufaa kwa kufungia maungio. Magurudumu hukatwa kwenye kandambili zilizokwisha, au huwa vifuniko vya makopo. Mti mrefu hupanda kutoka kwenye ekseli ya mbele mpaka usawa wa kifua cha dereva, na juu yake kuna usukani wa duara. Ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanapinda kweli. Anayejua kazi huweka hata springi. Ujuzi huu haufundishwi darasani, kaka humpa mdogo wake na rafiki huibia kwa rafiki, na ndiyo maana gari la waya la mtaa mmoja lina sura yake na la mtaa wa pili lina yake. (Mpira wa Kondi ungekuwa shida zaidi huku kwetu leo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019.)

Jioni gari la Kondi linakamilika, na mbalamwezi ikitoka watoto wenzake wanamfuata akiliendesha. Hapa tena mwandishi alikuwa na nafasi nzuri ya kuleta makofi, Ufulu akaomba msamaha na wazee wakasifu. Badala yake Kondi ameshaanza kuwaza kuhusu kesho: waya zilezile zinaweza kugeuzwa gari la wagonjwa, au ndege, au helikopta. Gari aliloliunda kwa siku nzima limeshakuwa malighafi.

Catherine Stock huyohuyo ndiye aliyechora kitabu kingine cha Mollel, Kele's Secret, cha 1997. Humo yupo Yoanes, anayeishi na babu na bibi yake kwenye shamba la kahawa Tanzania. Kele ni kuku mwenye siri: hutagia mahali pasipojulikana. Yoanes anaamua kumfuata, hatua kwa hatua, mpaka kwenye banda linalomtia hofu, kuona anakwenda wapi. Basi. Hakuna mwizi wala jini, ni mvulana na kuku na swali moja linalowaka kichwani.

Swali kama hilo liliwahi kumkalia kooni mtoto mwingine, mbali na kahawa ya Arusha. Jane Goodall, aliyekuja kuwa mtafiti wa sokwe, alikuwa na miaka minne hivi alipotaka kujua yai linatokea wapi kwa kuku, ilhali haoni tundu la kulitosha. Alijificha kwenye banda la kuku huko mashambani Uingereza, akakaa kimya kwa saa kadhaa. Nyumbani walikuwa wameshamtafuta wakachoka, polisi wameitwa. Alipotokea mbio, nywele zimejaa majani makavu, mama yake Vanne alimwona alivyochangamka, akaacha kumgombeza, akaketi kumsikiliza yai linavyotagwa. Goodall alikisimulia kisa hiki karibu kila alikokwenda mpaka alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na kila mara sifa alimpa mama.

Kisa hicho kimo katika Me... Jane, kitabu cha picha cha Patrick McDonnell cha 2011, kilichopata heshima ya tuzo ya Caldecott mwaka uliofuata. McDonnell ni mchoraji wa katuni za magazetini, maarufu kwa Mutts, na mkono wake ni mwepesi: mistari michache ya wino, rangi za maji, mtoto mwenye nywele fupi na mwanasesere wa sokwe anayeitwa Jubilee. Mwanasesere huyo ni wa kweli. Jane alipewa na baba yake akiwa mdogo kabisa, na rafiki za mama yake walihofu kwamba dude lile lingemletea mtoto ndoto mbaya. Kati ya kurasa McDonnell ameingiza michoro na maandishi ambayo Jane mwenyewe aliyafanya utotoni, alipokuwa akiendesha chama chake na wenzake cha kuchunguza viumbe. Mtoto anapanda mti, anasoma Tarzan, anaandika anachokiona, anaota Afrika.

Sehemu iliyobaki Watanzania wanaijua. Mwaka 1957 msichana huyo alifika Kenya kwa fedha alizochanga kwa kazi ya uhudumu, akakutana jijini Nairobi na Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyemtuma kuchunguza sokwe. Tarehe 14 Julai 1960 alishuka kwenye mtumbwi ufukweni Gombe, Kigoma. Wakuu wa serikali ya kikoloni walikuwa wamekataa binti akae porini bila mwenzake, na mwenzake aliyekuja naye alikuwa Vanne, yuleyule aliyesikiliza habari za yai. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti, jambo lililowalazimu wataalamu wafikiri upya kuhusu nani anatumia zana. Miaka 31 baadaye, 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana naye kwenye baraza la nyumba yake Dar es Salaam, na hapo likaanza vuguvugu la vijana la Roots & Shoots ambalo leo limeenea dunia nzima.

Kwa kipimo cha ukurasa wa mwisho, Me... Jane ni kitabu chenye utata. Mtoto analala, anaamka, na tunamkuta mtu mzima ndani ya hema: ndoto imetimia. Hii ndiyo njia inayopendwa na waandishi wengi, kuonyesha kwamba kile alichokipenda mtoto kililipa, na ina hatari yake. Kinachokiokoa kitabu ni picha yenyewe. Ni ya kamera, si ya wino, nayo inamwonyesha Goodall amechutama akinyoosha mkono kuelekea kwa sokwe mchanga, na sokwe akinyoosha wake. Hana nishani wala joho la shahada. Anafanya kazi ileile aliyoifanya bandani, kukaa chini na kusubiri kiumbe kingine kiamue.

Hatari hiyo ya malipo inaonekana zaidi kwenye kundi la vitabu ambavyo kwa miaka kumi na mitano hivi vimejaza rafu za Marekani na Uingereza: mhandisi mdogo, mwanasayansi mdogo, rubani mdogo. Vingine ni vizuri mno. Rosie Revere, Engineer cha Andrea Beaty na mchoraji David Roberts, cha 2013, kinamweka msichana anayeunda mitambo usiku kwa siri kwa sababu mjomba wake aliwahi kumcheka, na mtambo wake wa kuruka unaanguka mbele ya bibi mzee anayempenda. Bibi naye anacheka, ila kwa furaha, na wanaendelea. Look Up! cha Nathan Bryon, kilichochorwa na Dapo Adeola na kushinda tuzo ya vitabu vya watoto ya Waterstones 2020, kina msichana anayeitwa Rocket ambaye anataka kila mtu atoke nje usiku kutazama vimondo, na kaka yake Jamal ambaye hataki kuinua macho kwenye simu. Kaka na simu yake wanachekesha kwa sababu kila nyumba inaye.

Vitabu hivi vimeleta pia sura za wasichana, wengi wao weusi, katika shauku ambazo zamani zilipewa wavulana. Amazing Grace cha Mary Hoffman, kilichochorwa na Caroline Binch mwaka 1991, kilifungua mlango mapema: Grace anapenda hadithi kiasi kwamba lazima aigize kila anayoisikia, na darasani anaambiwa hawezi kuwa Peter Pan kwa sababu ni msichana, tena mweusi. Kitabu kinaishia kwenye mafanikio ya mchezo, yaani kwa makofi, na kwa kipimo chetu kinapungukiwa. Lakini anayekumbukwa baadaye ni yule Grace wa kurasa za mwanzo, ambaye leo ni Anansi na kesho ni Mowgli, hana hadhira yoyote zaidi ya mama yake, bibi yake na paka.

Vilivyobaki katika kundi hilo vina kasoro moja. Kinachompendeza mtoto kinageuzwa haraka kuwa taaluma. Anayependa wadudu anaitwa mwanasayansi wa kesho, anayepanga matofali anaitwa msanifu majengo, hata kabla hajaota meno ya utu uzima. Huku kwetu ugonjwa huo tunao pia, ila tumeuita kukuza vipaji. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote Kenya 2019 unataka shule zitambue vipawa vya kila mwanafunzi, nia ambayo hakuna wa kuipinga, lakini mtoto aliyekuwa anachora kwa sababu anapenda kuchora anajikuta akichora kwa kuwa kuna alama. Watoto wananusa mabadiliko hayo mara moja. Kalamu zinawekwa chini.

William Kamkwamba alikuwa na bahati, kama inaweza kuitwa bahati, ya kutofuatiliwa na mwalimu wala mtaala. Njaa iliyoikumba Malawi 2001 na 2002 ilimtoa sekondari; familia haikuwa na ada. Akiwa na miaka 14 alikuwa akienda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe, wilaya ya Kasungu, na huko akakuta kitabu cha kisayansi chenye picha ya mitambo ya upepo kwenye jalada. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, akajifunza kwa kufuata michoro. Kisha akaingia majalalani: feni ya trekta, shokamzoba, fremu ya baiskeli, dainamo, bomba la plastiki alilolipasha moto akalilaza liwe mapanga. Mnara ulikuwa wa miti ya mikaratusi. Majirani walisema kichwa kimemruka. Balbu ilipowaka walikuja kuangalia.

Kijiji chake kilimjua kwanza, kisha magazeti ya Malawi, kisha Arusha. Juni 2007 mkutano wa TED ulifanyika mjini humo, na Kamkwamba, wakati huo ana miaka 19, alipandishwa jukwaani kwa dakika chache, Kiingereza kikimpiga chenga na ukumbi mzima ukimshangilia. Huko Arusha ndiko alikoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. The Boy Who Harnessed the Wind, alichoandika na Bryan Mealer, kilitolewa tena 2012 kama kitabu cha picha, kikachorwa na Elizabeth Zunon, aliyekulia Ivory Coast. Zunon anachanganya rangi za mafuta na vipande vya karatasi vilivyokatwa na kubandikwa, na mbinu hiyo inaoana na hadithi yenyewe: mnara wa mabaki unachorwa kwa mabaki. Na mwisho? Taa imewaka, lakini mvulana tayari anafikiria mtambo wa pili wa kuvuta maji ya shamba, maana balbu hailiwi.

Babu wa vitabu vyote hivi huenda ni kitabu kisicho na mtambo, mnyama wala mpango wowote. Mwaka 1940 Ezra Jack Keats, kijana mchoraji wa Brooklyn, alikata kwenye gazeti la Life picha za mvulana mdogo mweusi aliyekuwa akisubiri kutolewa damu. Alizihifadhi zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1962 mvulana yule akawa Peter wa The Snowy Day, mwenye vazi jekundu la baridi, ambaye anaamka akakuta theluji imefunika mtaa. Anaburuta miguu aone alama zake. Anapiga mti kwa kijiti. Anatia tonge la theluji mfukoni aende nalo nyumbani, na usiku anakuta mfuko umelowa, hamna kitu. Keats alipata nishani ya Caldecott 1963, wakati mtoto mweusi kuwa mhusika mkuu wa kitabu cha rangi cha kampuni kubwa ya Marekani lilikuwa jambo geni. Januari 2020 maktaba ya umma ya New York ilitangaza kwamba katika miaka yake 125 hakuna kitabu kilichoazimwa zaidi ya hicho: mara 485,583.

Mtoto wa Tanga hajaona theluji, lakini tonge la mfukoni analielewa. Ndiye yule anayebeba konokono kwenye kaptula ya shule.

Suala la lugha haliepukiki hapa. Mollel aliandika habari za soko la kwao kwa Kiingereza, kwa mchapishaji wa Marekani. Kondi wa Malawi aliandikiwa na Mmarekani. Picha za watoto wa Afrika Mashariki na Kati wakiwa wamezama katika mambo yao zimepita ng'ambo kabla ya kurudi, zikirudi. Vitabu vya watoto kwa Kiswahili vipo na vimepiganiwa: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulikuwa ukinunua nakala kutoka kwa wachapishaji wa nchini na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara. Tatizo ni aina ya mtoto anayeruhusiwa kuingia humo. Kwa kiasi kikubwa ni mtoto anayeonywa. Alikwenda mtoni akakatazwa, hakusikia, likampata la kumpata; mwisho wa kitabu kuna maswali matano, la kwanza likiuliza umejifunza nini. Sungura na fisi nao wana mafunzo yao. Mtoto ambaye yuko mtoni kwa sababu anataka kujua kamba wanatembea kinyumenyume vipi, na anayetoka huko salama akiwa na jibu, ni nadra kumkuta.

Sababu moja ni soko. Mnunuzi mkubwa wa kitabu cha mtoto ni shule, na shule inanunua kinachoingia kwenye mtihani. Sababu nyingine ni rangi: kitabu cha picha chenye rangi kila ukurasa ni ghali kuchapisha, na nakala zikiwa chache bei inapanda hadi mzazi anaamua kununua daftari. Ndiyo maana mradi wa African Storybook, unaoendeshwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeleta nafuu. Tangu 2014 unaweka mtandaoni hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na kila mtu anaruhusiwa kuzisoma kwa simu, kuzichapa, kuzitafsiri, hata kuandika yake. Ubora unapanda na kushuka. Nyingine zimeandikwa kwa haraka na zinanuka ubao wa darasani. Lakini mlango uko wazi, na mwandishi asiye na mchapishaji hana tena pa kujificha.

Mambo ya kuandika yako mengi kuliko waandishi. Hakuna aliyemwandikia kitabu cha rangi yule msichana wa Lamu anayejua kila jahazi kwa tanga lake. Yupo mvulana wa Goma anayecheza na chukudu, kigari kidogo cha mbao cha kusukuma alichokichonga kwa kuiga yale makubwa yanayobeba viazi. Yupo anayechora ramani za njia za daladala na kuzipa namba zake mwenyewe, na anayefuga njiwa kwenye boksi la sabuni juu ya paa la mabati, akiwajua kwa majina, nani anapandana na nani, nani aliuzwa Mbagala akarudi mwenyewe siku ya tatu. Mwandishi atakayemfuata huyo wa njiwa apande juu ya paa, amwache azungumze, na asimuulize akikua anataka kuwa nani. Amuulize njiwa wa kwanza alimpata wapi, kwa shilingi ngapi, na nyumbani alisema ametoka wapi.